Mbwa Aliyejua Kiswahili

Kwenye kilio cha Tonton Médard nilikula sahani mbili za sombe, majani ya muhogo, na samaki ya chumvi, moja juu ya nyingine, bila kupumzika. Si kwamba nilikuwa na njaa. Sombe yenyewe nilipika mimi na harufu yake ilikuwa imeshanichosha tangu asubuhi. Nilitafuta tu kitu cha kuziba mdomo. Mnaonijua mnaujua mdomo wangu, ukiachwa wazi dakika tano unatoa kitu, na siku ile kilichokuwa ndani hakikuwa cha kutolewa mbele ya picha ya marehemu. Picha ilikuwa kubwa, amevaa koti la rangi ya kahawa na tai, anacheka kama muntu aliyelala vizuri maisha yake yote. Ukumbi wa parokia, viti vya plastiki, radiateur ya kupasha joto inawaka kupita kiasi, makoti yaliyolowa mvua yananuka juu ya meza ya pembeni. Na watu wanasimama mmoja mmoja kushuhudia. Papa huyu anasema Médard alikuwa mnyenyekevu. Maman yule anasema Médard alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, jambo ambalo, bon, ni kweli, hasa kama chakula kilikuwa bado. Halafu msemaji wa familia akachukua mikro. "Tusisahau, Tonton njo alichungaka nyumba ya Maman Julienne, kipindi bezi balimusumbua. Alimuletea mpaka na imbwa." Ukumbi mzima ukaguna kwa shukrani. Mimi nikameza kipande cha samaki pamoja na mwiba wake.

Maman Julienne alikaa viti viwili kutoka kwangu, kitambaa cheusi kichwani, mikono juu ya magoti. Hakulia, hakuguna. Nyuma yangu wamaman wawili walikuwa wanakula na kunong'ona, na kunong'ona kwa watu wetu ni kuongea kama kawaida huku umeweka mkono mdomoni. "Na ule naye amekuya," mmoja anasema. "Na uso gani? Mavalise ya bantu alikula yote." Mwenzake anamwambia, "Astrid, atasikia." "Asikie. Maneno ya kweli haina sauti ya chini." Nikageuka, nikamwangalia Maman Astrid mpaka akaanza kutafuta kitu ndani ya sakoshi yake. Miaka minane. Miaka minane wanatafuna jina la Maman Julienne kama wanavyotafuna sombe yangu. Basi niwaambie mwaka ule ulikuwaje. Nitaandika kwa Kiswahili hiki cha kuazima, nilichojifunza peke yangu kwa kusikiliza Watanzania kwenye simu nikisafisha maofisi ya mtaa wa Schuman, hapa Bruxelles. Nikikasirika kitarudi cha Lubumbashi, mtanisamehe au mtaacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Jinsi nilivyofika Bruxelles tuiache, itoshe kwamba watu wengi walinipa anwani za watu wengine, na Maman Julienne akanipa ufunguo. Alikuwa mjane, ana sukari, mguu wake wa kushoto una kidonda kisichotaka kupona. Alikaa Molenbeek, ghorofa ya tatu, karibu na mfereji, juu ya duka la mboga la Mmoroko mmoja, Si Larbi, na hilo Si kwao ni Bwana. Salon yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, meza ndefu kuliko chumba, na télé inayoongea yenyewe siku nzima. Lakini chumba kilichomfanya awe Maman Julienne kilikuwa kile kidogo cha nyuma, chambre ya mavalise. Kwa wasiojua: mtu wetu akisafiri kwenda Lubumbashi ana haki ya valizi mbili, masanduku ya safari, vingt-trois kilos kila moja, yaani kilo ishirini na tatu, na hakuna anayezijaza kwa vitu vyake mwenyewe, hiyo ingekuwa ubaya wa roho. Ndani mnawekwa dawa za pression za mama ya fulani, viatu vya komunyo vya mtoto wa fulani, miwani ya baba wa fulani ambaye amekuwa kipofu akiingojea. Na vyote vilipitia kwa Maman Julienne, kwa sababu yeye hafungui kifurushi cha mtu na haulizi ni cha nani. Alikuwa na mizani ya kutundika, ile yenye ndoano, na kila Jumamosi salon iligeuka forodha. "Toa mafuta ya mawese, unataka kuua muntu na kilo?" "Maman, ni bidon moja tu." "Vingt-trois ni vingt-trois. Ndege haina huruma." Halafu bukari, ugali wetu, inakuja mezani, inavuta moshi, na tunakula katikati ya valizi za watu, zimefungwa plastiki, majina yameandikwa kwenye vipande vya karatoni.

Na hakuna aliyebonyeza kengele. Kengele ilikuwa ya mwenye nyumba, ya polisi, ya wale wanaoleta makoli, vifurushi vya posta. Watu wetu walipanda ngazi, wakasimama mlangoni wakasema "Odi," na Maman Julienne, popote alipo, hata chooni, alijibu "Karibu" bila kuuliza ni nani. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi mchana kutwa kwa sababu Si Larbi alikaa pale na kiti chake, kati ya masanduku ya machungwa na mlango wetu, na alimjua kila anayepanda. Ijumaa alimpandishia Maman sahani ya kuskusi. Alimbebea mpaka na maji. Hilo sikuliona wakati ule. Niliona tu mzee anayekaa bure mlangoni.

Mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, nilimsindikiza Maman hospitali kule Woluwe kwa ajili ya mguu. Tuliporudi valizi mbili hazikuwepo. Mlango umefungwa vizuri, hakuna kilichovunjwa, hata pete yake ya ndoa iko mezani. Ndani ya zile valizi mlikuwa na vitenge vya bibi harusi, na ile miwani. Maman alikaa chini sakafuni, yeye asiyekaaga chini kwa sababu ya mguu, akasema tu, "Bataniita namna gani?" Mimi sikukaa. Nilishuka ngazi kwa kuruka, nikaingia dukani saa sita, duka limejaa, Si Larbi ameshika shada la nanaa anamfungia mteja, nikamwambia kwa Kifaransa, kwa sauti yangu yote, kwamba anakaa mlangoni kama kisiki siku nzima, kwamba kama hakuona wezi basi anawajua, na kama anawajua basi anagawana nao. Aliiweka ile nanaa chini taratibu. Wateja waliniangalia, nikadhani wananiangalia kwa sababu nimesema ukweli. Mpaka leo nikisikia harufu ya nanaa nahama upande wa barabara, na anayenichukiza ni mimi.

Baraza lilikaa Jumamosi, mezani, na bukari. Mimi nikasema neno langu la kwanza. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo muntu ana ufunguo. Tubadilishe serrure, kufuli la mlango, basi. Nilikuwa nimeangalia video za mafundi kufuli usiku kucha, ningeweza kuifunga mwenyewe kwa tournevis moja, bisibisi tu. Tonton Médard, mdogo wa marehemu mume wa Maman, tuliyemjua kama mtu wa kazi ya depo, alikuwa upande wa pili, kofia yake ya bluu juu ya goti, anamega. Akacheka. "Mutoto ameangalia video tatu ku telefone, tayari ni serrurier. Serrure, bezi ba hapa banafungulaka na karte ya bus. Lakini imbwa? Imbwa haina double ya ufunguo." Watu wakatikisa kichwa. Maman Julienne hakupenda. "Imbwa itakaa wapi? Kwetu imbwa inalalaka inje, ku parcelle, mu kiwanja. Hapa tuko ku troisième. Parcelle ni wapi, ku balcon?" "Maman, bazungu banalala nayo ku kitanda." "Njo maana nyumba zao zinanukaka vile." Tulicheka mpaka mtu akamwaga mchuzi. Papa mmoja akakumbuka kwamba Lubumbashi baba yake alichora tu kwenye geti Chien méchant, mbwa mkali, kwa rangi nyekundu, na hawakuwa na mbwa hata mmoja, na wezi waliheshimu rangi. "Na sisi tuandike." "Nani atasoma? Mu hii immeuble kila mulango iko na maandiko." Mwingine akauliza kidonda cha Maman, mbwa akikilamba je. Mwingine akauliza manyoya na chakula. Mwingine, kwa adabu, akauliza haja kubwa. Tonton Médard akanionyesha mimi kwa midomo, vile tunavyoonyesha. "Mavi njo huyu ataokota. Kazi yake inaisha saa ine ya asubui." Nikamwambia, "Tonton, na serrure?" "Serrure ni ya bantu ba woga." Maman aliangalia chumba cha valizi, akasema kwa uchovu, "Bon. Ilete."

Nikipima leo, sielewi tulipimaje. Kila ubaya wa mbwa ulitajwa mezani pale, uzuri mmoja tu ulitajwa, kwamba hana ufunguo, na ule mmoja ukashinda. Tulikuwa watu waliozoea kupima mpaka gramu ya mwisho.

Mbwa alitoka Woluwe-Saint-Lambert, kwa mzungu mzee ambaye Tonton alikuwa anamkatia majani ya bustani. Mzee alikulia kwetu Katanga, enzi zao, na sasa watoto wake walikuwa wanampeleka nyumba ya wazee ambako mbwa haingii. Tulikwenda kumchukua mimi na Tonton. Mzee alisimama koridoni, fimbo mkono mmoja, kamba ya mbwa mkono mwingine, akatuonyesha. "Kuya," mbwa akaja. "Kaa," akakaa. "Hapana kula," akatema. Halafu akaniangalia mimi, kwa sauti ileile, "Leta mayi." Kiswahili chake chote kilikuwa cha kutuma. Nilikwenda jikoni, nikaleta maji, nikaweka bakuli mbele ya mbwa. Mzee akacheka, hakuelewa. Lakini Tonton alikuwa amefurahi kupita kiasi, na kwenye metro akapiga simu kwa kila mtu: imbwa inasikia Kiswahili. Tulipofika, salon imejaa. "Kaa," wakamwambia, akakaa. Wamaman wakapiga makofi. "Eh, basi ni ya kwetu." Njo hapo tulipopotea. Kwa watu wetu hapa Bruxelles, muntu akisikia Kiswahili umeshamfungulia nusu ya mlango, hutazami tena mikono yake. Tukampa na mbwa heshima hiyohiyo.

Wakamwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu anakula, analala, na akitoka lazima asindikizwe. Msindikizaji ni mimi. Sitapamba. Alikuwa na rangi ya godoro la zamani, jicho moja linatoa tope, na ute unaoning'inia mdomoni mpaka anapoutikisa, na akiutikisa unakwenda ukutani, kwenye télé, kwenye sketi yako ya kanisa. Mvua ikinyesha, na hapa inanyesha, alinuka kama kapeti lililozikwa. Manyoya yalikuwa kwenye bukari. Unamega, unachovya, unahisi uzi kwenye ulimi, unavuta, unaendelea kuvuta. Siku moja Maman alikuta unyoya ndani ya kisanduku cha insulini, akakaa akiuangalia kama barua yenye habari mbaya. Na mimi kila siku ukingoni mwa mfereji, mfuko wa plastiki umegeuzwa kama glavu, nainama. Ule ujoto unaopita kwenye plastiki na kukaa kwenye kiganja, hakuna sabuni inayoutoa kichwani. Mabibi wa Kizungu walinipita wakitabasamu. "Il est beau," wananiambia, eti mbwa mzuri huyu. Nikawajibu merci, mfuko mkononi.

Na alibweka kwa kila mtu. Hapo ndipo tatizo la kweli. Mtu wetu akipanda, Ministre anarukia mlango, kucha zinakwaruza, na mgeni anarudi chini. Maman Astrid aliteleza ngazini na sufuria ya maharagwe, maharagwe yakafika mpaka mlango wa Si Larbi. Nyumba ikaanza kukaa kimya. Basi mimi, fundi wa video, nikaamua kumfundisha. Niliangalia yote, Wafaransa, Wamarekani, nikatengeneza njia yangu. Kengele ikilia, abweke, apate nyama. Mtu akisema "Odi," anyamaze, alale, apate nyama. Kwa sababu, nilijiambia, mwizi atabonyeza kengele kujua kama kuna watu, au hatasema kitu. Lakini "Odi"? Nani mwingine Molenbeek nzima anasema "Odi"? Ni neno letu. Nilijivunia sana. Wiki tatu watu walishuka na kupanda ngazi kama mazoezi ya jeshi, na aliyejitolea kuliko wote alikuwa Tonton Médard. Alisimama nje, kofia ya bluu imevutwa, anasema "Odi." Namwambia, "Rudia, Tonton." "Odi." Ministre analala, kidevu sakafuni. Tonton anaingia, anampa kipande cha nyama kwa mkono wake mwenyewe, anamfuta ute kwa leso. "Mutoto uko na akili," akaniambia. Nilifurahi kusifiwa. Nilikwenda kulala nimefurahi.

Kile nisichokipima ni hiki: Si Larbi aliacha kupanda. Kwake nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na mzee wa swala tano hataki ute kwenye kanzu. Kuskusi ya Ijumaa ikakoma. Alikuwa bado anakaa na kiti chake, lakini amekigeuza kidogo upande wa machungwa, mgongo kwa mlango wetu. Nikasema, afadhali.

Mwezi wa tisa, Jumapili, msafiri wetu alikuwa aondoke kesho yake. Valizi nne zilikuwa tayari, zimepimwa. Tulikwenda kanisani sote isipokuwa Tonton Médard, aliyetuma ujumbe kwamba wamemwita kazini kwenye depo. Tuliporudi chumba kilikuwa kitupu mpaka unaona lino la sakafuni lilivyochubuka. Mlango umefungwa. Ministre amelala katikati ya salon, kidevu sakafuni, anatikisa mkia, na mbele yake kuna mfupa. Msafiri alianza kulia kwa ajili ya watu wa kule watakaomngoja uwanja wa ndege. Wengine wakaanza kupiga simu. Ndani ya saa moja salon ilikuwa imejaa, na mara hii hakuna aliyekula. Tonton Médard akaja, koti la kazi, badge, kitambulisho cha depo, shingoni. Aliangalia chumba, aliangalia mbwa, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, mbele ya watu wote, kwa upole, "Shemeki, labda ulisahau mulango wazi? Na hii sukari, kichwa inachokaka." Maman Julienne alimwangalia. Watu wakamwangalia Maman. Nikaona jinsi macho yanavyobadilika. Ni kitu kidogo, kama mtu anayehamisha sakoshi yake kwenda upande mwingine.

Mimi nilikuwa naangalia mbwa. Nilimjua kuliko nilivyotaka kumjua. Alibweka kwa posta, kwa padri, kwa upepo. Kitu kimoja tu kilimlaza, na mimi ndiye niliyempa. Kwa hiyo mwizi ni wetu, nikajiambia, amesimama hapa salon anatupa pole. Lakini nani, kati ya watu kumi na wanne? Aliyejua yuko chini, na mgongo kwetu.

Jumatatu nikashuka. Si Larbi hakuinua kichwa. "Mademoiselle," akasema, "ulinitukana saa sita, duka limejaa. Ukitaka kuongea na mimi, rudi duka likijaa." Nilirudi Ijumaa, baada ya msikiti, watu mpaka mlangoni. Nikasimama kati ya nyanya na mizeituni, nikasema kwa Kifaransa kwamba mimi ndiye niliyemwita huyu mzee mwizi, kwamba si mwizi, na mjinga ni mimi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua nyanya akaniambia bila kugeuka, "Sauti, binti, wa nyuma hawakusikia." Nikarudia. Si Larbi akamaliza kupima nyanya zake, akafuta mikono, akanivuta pembeni ya masanduku.

"Jumapili alipanda yule mrefu wa kofia ya bluu," akasema. "Kaka wa mume wake. Mbwa akabweka. Akasema neno lenu, lile mnalosema wote. O-di. Mbwa akanyamaza. Alishuka na valizi mbili, akapanda tena, akashuka na mbili. Aliniambia safari ni kesho. Nikamshikia mlango."

"Na mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili pia. Nilimshikia mlango pia."

"Sasa kwa nini hukusema, Si Larbi?"

"Ulikuja kuuliza, au ulikuja kutukana?"

Nilimwambia Maman palepale, nikiwa nimeshika kisu cha mboga, si kwa nia mbaya, nilisahau kukiweka chini. Alisikiliza. Akaninyang'anya kisu. Kesho yake akamwita Tonton peke yake, na mimi nikajifungia kwenye chumba kitupu cha valizi, sikio ukutani, Ministre ananipumulia miguuni. Nilisikia Tonton analia. Alipoteza kazi tangu Noeli na hakumwambia mtu, kila asubuhi alitoka na badge, alizunguka na tramu mpaka jioni, mke wake anamfungia tartine, mkate wa kula mchana. Ufunguo alichonga siku moja alipokuja kutengeneza bomba letu. Vitu ameviuza, vyote, hata miwani. "Shemeki, unisamee. Nilikuwa kama muntu amekufa." Nikasubiri ngumi, nikasubiri laana, nikasubiri hata sahani moja ivunjike. Nikasikia Maman anasema, "Umekula?" Na kijiko kikagonga sufuria.

Nilitoka ameshakwenda. Nikamwambia, kesho nawaambia wote. Maman alikuwa anaosha sahani ya Tonton. "Hautasema. Ule anabeba jina ya bwana yangu. Batoto yake banabeba jina ya bwana yangu. Ile jina niliizika safi." Nikamwambia, na jina lako? "Yangu nitaibeba mwenyewe. Apa." Nikaapa. Nilikuwa na hasira, lakini niliapa, kwa sababu ni yeye aliyenipa ufunguo. Jumamosi iliyofuata akasimama mbele ya watu, mguu umevimba, akasema aliacha mlango wazi, kosa ni lake, wamsamehe. Tonton Médard alikuwa kwenye kochi. Akasema, "Tuombee Maman." Na akaongoza sala.

Hiyo ndiyo sala iliyonitoa kanisani kwa miaka. Watu waliacha tu kuja. Valizi zikahamia kwa wengine. Mizani ikaning'inia bila kazi. Halafu yakaanza maneno, Maman Julienne alikula valizi, Maman Julienne ana duka la siri, Maman Julienne amejenga nyumba kule Likasi. Ministre tulimpa familia ya Waflemi yenye bustani. Hakuwa na kosa, alitii alichofundishwa, lakini sitadanganya kwamba nilimkosa. Serrure niliibadilisha mwenyewe, kwa tournevis moja. Dakika kumi na tano. Si Larbi akapanda na kuskusi Ijumaa iliyofuata, akakagua kufuli, akasema ni ya bei rahisi lakini imekaa sawa. Na Tonton Médard, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, miaka minane, alisimama nje ya kufuli lile akasema "Odi." Na Maman akajibu "Karibu." Na akakaa kwenye kochi zuri. Na mimi nikampelekea maji, na kila mara nikanawa mikono baadaye, kama zamani pale mferejini.

Donc, turudi ukumbini. Sahani ya pili ilikwisha. Msemaji wa familia akauliza kama kuna neno la mwisho, na Maman Astrid, nyuma yangu, akasema kwa ile sauti yake ya mkono mdomoni, "Atoe neno Maman Julienne, atuonyeshe valizi." Mtu akacheka. Ndani ya kilio, mtu akacheka. Nikasimama. Sikuchukua hata mikro, siihitaji. Nilisema yote, ufunguo, mbwa, kofia ya bluu, badge, tramu, miwani, sala. Nilisema polepole, na hilo liliwatisha zaidi kuliko kelele. Sikumtukana marehemu. Nilisema alilia, na nilisema alipewa chakula. Nilipomaliza Maman Astrid alikuwa na kijiko hewani. Binti wa Tonton, miaka kumi na saba, aliinua macho kutoka kwenye picha ya baba yake akanitazama, na lile jicho ndilo deni langu, nalibeba, sitafuti wa kulibeba naye.

Maman Julienne alinifuata kwenye meza ya makoti. Alitafuta lake katikati ya yale yaliyolowa, akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. "Miye nilibeba mwaka munane," akaniambia. "Weye umeshindwa kubeba saa moja." Akaondoka bila kunisubiri, yeye ambaye kwenye ngazi hunishika bega.

Watu wameanza kurudi kwa Maman Julienne. Nimesikia Maman Astrid alikuwa wa kwanza, na magoti chini, na valizi imejaa mpaka vingt-quatre, kilo moja juu ya haki yake, ikabidi watoe sabuni. Jumamosi zimejaa tena, wananiambia, meza haitoshi. Mimi sijaona, kwa sababu mimi Maman hajaniruhusu kupanda. Sijutii. Ningesimama tena leo. Napiga simu kila siku saa nne, nikitoka Schuman. Anapokea. Hasemi allo, hasemi kitu, nasikia pumzi yake tu na télé nyuma. Hakati simu. Basi naongea mimi.